Kujitwika Tena Baada ya Saratani ya Titi

Basi la kutoka Dar es Salaam likimshusha abiria Mombo, safari ya Lushoto bado. Inabaki barabara ya kona, zaidi ya kilomita 30, inayopanda kupitia Soni, na anayekwenda Mlalo au Mtae ana safari nyingine juu ya hiyo. Mwanamke aliyemaliza mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road huipanda barabara hiyo amekumbatia mto mdogo kifuani ili mitikisiko isimtoneshe kovu, na kwenye mkoba ana pakiti za tamoxifen na kadi yenye tarehe ya kurudi. Nyumbani wanampokea vizuri: pole, umepona, tumshukuru Mungu. Wiki inayofuata jembe liko pale pale alipoliacha, matuta ya shamba hayajapungua mwinuko, na kuni haziji zenyewe kutoka msituni.

Hapo ndipo maswali yanapoanza, na hapo ndipo daktari hayupo.

Saratani ya titi ni ya pili kwa kuwapata wanawake wa Tanzania, baada ya ile ya mlango wa kizazi. Wanaume nao huugua, ingawa ni wachache sana. Tathmini ya huduma za saratani ya titi iliyofanyika nchini mwaka 2017 ilionyesha kwamba karibu asilimia 80 ya wagonjwa hugundulika wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Maana yake kwa mwili ni hii: mgonjwa wetu aghalabu hafanyiwi upasuaji mdogo wa kutoa kivimbe tu. Hutolewa titi lote pamoja na tezi za kwapani, akapewa dripu za dawa kali, kisha mionzi. Tiba kubwa huacha alama kubwa. Kuhusu kugundua mapema kumesemwa mengi, na yasemwe zaidi. Makala haya ni ya yule ambaye ameshatibiwa, amerudi mlimani, na anataka kujua ataishije.

Mkono

Nianze na mkono kwa sababu milimani mkono ndio chakula.

Tezi za kwapani hufanya kazi kama mfereji wa kutoa maji bondeni. Majimaji yanayozunguka kwenye nyama za mkono hupitia humo kurudi kwenye damu. Ukitolewa tezi, au zikichomwa na mionzi, mfereji umeziba kwa sehemu, na kila mkulima wa mbogamboga anajua kinachotokea bustani ya juu mfereji wa chini ukiziba. Miongoni mwa wanawake waliotolewa tezi hizo, karibu mmoja kati ya watano hupata uvimbe wa mkono. Kwa mwingine huanza baada ya miezi, kwa mwingine baada ya miaka, hata ameshasahau kwamba aliwahi kuambiwa.

Dalili za mwanzo ni ndogo. Pete inabana. Mkono wa sweta uliokuwa ukipita bila shida sasa unakwama kwenye kiwiko. Mkono unakuwa mzito jioni na kupungua asubuhi. Uvimbe wa namna hii unaokuja na kuondoka ndio wakati mzuri wa kuushughulikia, maana ukikaa miaka ngozi hukakamaa na majimaji hugeuka kuwa mafuta na makovu yasiyotoka kwa kukandwa wala kufungwa bandeji.

Nunua tepu ya fundi cherehani. Mara moja kwa mwezi, asubuhi, kaa, nyoosha mkono juu ya meza, hesabu sentimita 10 kutoka kwenye kiwiko kwenda juu, weka alama kwa kalamu, pima mzunguko. Fanya vivyo hivyo sentimita 10 chini ya kiwiko. Pima na mkono mwingine. Andika kwenye daftari pamoja na tarehe. Tofauti kati ya mikono miwili ikiongezeka kwa sentimita 2 kuliko ilivyokuwa mwanzoni, nenda hospitali ukaulizie mtaalamu wa mazoezi tiba. Huyo ndiye anayejua kufunga bandeji maalumu na kupima soksi ya kubana mkono. Usijifungie bandeji ya kawaida kwa kubahatisha. Ukikaza juu kuliko chini unazidi kuziba kile kile kilichoziba.

Mkono ukivimba Lushoto, wa kwanza kutoa jina ni jirani: hayo ni matende. Si kosa lake. Mkoa wa Tanga una historia ndefu ya matende, hasa pwani na tambarare, na watu wengi wameona mguu wa babu au korodani za mjomba. Lakini matende husababishwa na minyoo inayoenezwa na mbu. Mkono huu umevimba kwa sababu ya kisu na mionzi. Dawa zinazogawiwa kwenye kampeni za matende huua minyoo. Uvimbe huu hazina la kuufanya. Na si laana, wala kijicho cha mtu.

Hata hivyo kuna jambo matende yametufundisha ambalo linafaa sana hapa. Mtu mwenye mguu wa matende hufundishwa kuuosha kila siku kwa sabuni na maji safi, kuukausha vizuri hadi katikati ya vidole, kutafuta mpasuko au kidonda na kukitibu, kuuinua anapokaa, na kuuchezesha. Orodha hiyo hiyo, bila kuondoa neno, ndiyo ya mkono wa aliyetolewa tezi. Mhudumu wa zahanati aliyewahi kufundishwa kuhudumia matende tayari anajua nusu ya kazi. Mkumbushe.

Usafi huo una sababu. Mkono uliopoteza tezi umepoteza pia askari wake. Mwiba wa kuni, mkwaruzo wa kichaka cha chai, mpasuko wa kisigino cha kiganja kwa baridi ya Julai, kuumwa na siafu, vyote vinaweza kuwa mlango wa vijidudu. Kwa hiyo glavu wakati wa kupalilia na kukusanya kuni, hata zile nene za mpira. Mafuta ya kupaka kila siku ngozi isipasuke. Ukijikata, osha palepale kwa maji na sabuni, usingoje kurudi nyumbani. Na ukiona mkono umekuwa mwekundu au umeiva rangi, una moto, unauma, na mwili unatetemeka kwa homa, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo: unahitaji antibayotiki leo. Watu wengi huitibu kama malaria kwa siku tatu, na kila shambulio kama hilo huuacha mkono mkubwa kuliko ulivyokuwa.

Kumekuwa na kanuni kali kwamba mkono huo usichomwe sindano wala kupimwa presha kamwe. Utafiti wa miaka ya karibuni haukuona kwamba kupimwa presha au kutolewa damu mara moja kunaleta uvimbe. Mwambie muuguzi atumie mkono mwingine panapowezekana, ndiyo, lakini usikatae huduma ya dharura kwa ajili ya hilo. Uzito mkubwa wa mwili na maambukizi ya ngozi vina hatari zaidi kuliko presha.

Mzigo

Zamani ushauri ulikuwa mmoja: usibebe kitu kizito maisha yako yote. Kwa karani wa ofisini ushauri huo unatekelezeka. Kwa mama wa Lukozi anayeteremsha tenga la kabichi hadi barabarani, ni sawa na kumwambia asile. Wengi waliitikia ndiyo daktari, wakarudi wakabeba vile vile, ila sasa wakiwa na hofu.

Mwaka 2009 ulichapishwa Marekani utafiti ulioongozwa na Kathryn Schmitz. Wanawake 141 ambao tayari walikuwa na uvimbe wa mkono waligawanywa makundi mawili, moja likafundishwa kunyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima. Walianza na uzito mdogo sana na kuongeza taratibu, mkono ukiwa umevaa soksi yake. Waliotarajia mikono ifure zaidi walikosea. Haikuzidi kuvimba kuliko ya wenzao, waliopata mashambulio ya uvimbe kupanda ghafla walikuwa wachache zaidi, na nguvu ziliongezeka. Kinachoumiza mkono ni kuurukisha ghafla kutoka miezi sita ya kukaa bure hadi ndoo ya lita 20.

Tuiweke kwa vipimo vya nyumbani. Chupa ya nusu lita ya maji ni nusu kilo. Anza nayo, kuinyanyua mara kumi, mara mbili hadi tatu kwa wiki. Mkono ukikaa vile vile kwenye tepu na usikusumbue usiku, nenda chupa ya lita moja, kisha moja na nusu. Galoni la lita 3, la lita 5. Kila ngazi ipe wiki mbili. Ukiona uzito au mkazo usioisha baada ya usiku mmoja, rudi ngazi moja nyuma, si mwanzo kabisa. Ukiugua au ukisafiri ukaacha wiki kadhaa, usianze pale ulipoishia; anza chini. Mwenye uvimbe tayari aanze baada ya kuonwa na mtaalamu, na kama ana soksi ya mkono aivae wakati wa kazi.

Sasa mzigo wa kichwani. Shingo na mgongo wa mama wa Kisambaa vimezoea. Si huko kwenye shida. Shida iko kwenye kujitwika: ile sekunde ya kunyakua tenga kutoka chini, kulipitisha kifuani na kulirusha juu ya ngata. Hapo mkono mmoja hubeba karibu uzito wote ukiwa umepinda, na kovu la kifuani linavutwa kwa nguvu. Kwa hiyo tafuta mtu akutwike, kila mara, bila aibu, na akutue. Usipompata, weka tenga juu ya ukingo wa tuta ulio sawa na kifua chako, ingia chini yake, simama nalo. Milima yetu ina ukingo kila hatua kumi. Hii ni moja ya fadhila zake chache. Shika mzigo kwa mkono mzima, ule mwingine uache ushuke na ukunje na kukunjua kiganja wakati unatembea. Na gawa: safari mbili za nusu tenga badala ya moja. Ndiyo, inachukua muda. Ndoo ya kubeba kwa kuning'iniza mkononi, au mkoba wa kamba nyembamba begani upande uliopasuliwa, ni mbaya kuliko mzigo wa kichwani.

Lakini mkono hauwezi kupanda kichwani kama bega limeganda, na bega huganda haraka baada ya upasuaji na mionzi. Simama ukiangalia ukuta wa nyumba. Weka vidole ukutani usawa wa kiuno, vitambaze kupanda kama mjusi hadi pale panapovuta bila kuuma vikali, hesabu hadi kumi, shuka. Chora mstari kwa mkaa mahali ulipofika. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Baada ya mwezi ukuta utakuwa na ngazi ya mistari ya mkaa, na watoto watakuwa wanaifuatilia kuliko wewe. Wengine huhisi kama uzi uliokazwa kutoka kwapani kuteremka kwenye mkono. Si saratani iliyorudi. Kunyoosha huku huku ndiko kunakoulegeza, na fundi wa mazoezi tiba anaweza kusaidia.

Ganzi, joto, pumzi

Baadhi ya dripu, hasa zile za jamii ya paclitaxel, huharibu mishipa ya fahamu ya ncha za vidole. Unashona bila kuhisi sindano imeingia wapi, unafunga kifungo kwa macho badala ya vidole. Kwa wengi hupungua ndani ya miezi mingi. Kwa wengine hubaki. Ganzi ni hatari jikoni kwenye mafiga, kwa kuwa unashika sufuria na ngozi inaungua kabla hujahisi. Tumia kitambaa kinene kila mara, pima maji ya kuoga kwa kiwiko cha mkono ambao haukupasuliwa, vaa viatu hata uani, na usiku kabla ya kulala angalia nyayo. Kwenye njia za utelezi msimu wa masika shika fimbo. Si uzee, ni akili.

Tamoxifen hupewa wale ambao saratani yao huchochewa na homoni, kwa miaka mitano na kwa wengine kumi. Humezwa kwa muda mrefu kuliko mtu anavyofikiri anaumwa, na ndiyo maana wengi huiacha mwaka wa pili: nimepona, ya nini tena? Ya kuzuia isirudi. Haimezwi kwa sababu unaumwa leo. Inaleta joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni na kukutosa jasho, hata usiku wa Julai ambapo Lushoto yote imejifunika blanketi mbili. Vaa nguo nyepesi kadhaa badala ya sweta moja zito la kuvuta kichwani. Sweta la vifungo hufunguka upesi. Kanga badala ya nailoni kitandani. Punguza pilipili na chai kali ya jioni uone kama inasaidia. Mitishamba inayouzwa ya kurudisha hedhi au kuongeza homoni usiiguse, na dawa yoyote ya sonona mwambie daktari kwanza unameza tamoxifen, kwani baadhi yake hupunguza nguvu zake. Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, au ukitokwa na damu ukeni baada ya hedhi kukoma, nenda hospitali.

Dawa nyekundu ya dripu, doxorubicin, inaweza kudhoofisha moyo, wakati mwingine miaka baadaye. Wa mlimani ana kipimo ambacho wa mjini hana: ule mpando wa kwenda kanisani au msikitini unaoujua hatua kwa hatua. Mpando ambao mwezi jana uliupanda bila kusimama, mwezi huu unasimama mara tatu, na usiku unataka mito miwili ili upumue, na miguu yote miwili imevimba: mweleze daktari kwa maneno hayo hayo.

Na uchovu. Si uvivu, na haumalizwi na usingizi. La ajabu ni kwamba kutembea kidogo kila siku huupunguza kuliko kulala. Kusahau nako kupo, sufuria motoni, jina la mtoto wa jirani. Daftari lile la tepu linatosha kuandikia na hayo.

Upande ulio bapa

Titi la silikoni la bei ghali si lazima. Shona kifuko cha pamba laini chenye umbo la titi lililobaki, kijaze sufi, ile ile ya mito. Tatizo la sufi ni wepesi: sidiria inapanda upande mmoja, na bega huinuka kufuata. Kwa hiyo ndani yake shonea kifuko kidogo cha ulezi mkavu, kiasi cha kulingana na uzito wa upande wa pili, sehemu ya chini. Ndani ya sidiria shona mfuko wa kukishikilia, usije ukainama kupalilia nacho kikakutangulia. Toa ulezi kabla ya kufua. Nyama ya kovu ikiwa bado mbichi subiri, vaa kanga tu. Na anayeamua kubaki bapa bila kuvaa chochote hana deni la kumweleza mtu.

Mume je? Wapo wanaume wanaoogopa kuligusa kovu wakidhani wataliumiza, na mke anadhani amechukiwa. Wote wawili wanalala wakiangalia ukuta. Tendo la ndoa haliambukizi saratani na wala haliirudishi. Ukavu ukeni ni matokeo ya dawa, si ya moyo, na vilainishi vya maji huuzwa famasi. Bila kinga mimba inaweza kuingia hata hedhi ikiwa imepotea, na tamoxifen humdhuru mtoto tumboni. Vidonge, sindano na vijiti vya homoni havifai. Omba kitanzi cha shaba au tumieni kondomu. Anayetaka kuzaa azungumze na daktari kabla ya kuacha dawa, si baada.

Karatasi na barabara

Wengi wamefuata mionzi Dar es Salaam, lakini si kila tarehe ya ufuatiliaji inahitaji safari hiyo. Hospitali ya KCMC ya Moshi ilifungua kituo cha saratani mwaka 2016, na kutoka Mombo barabara ya Moshi ni ile ile, unageuza uso tu. Uliza daktari wako kama ufuatiliaji unaweza kuhamia huko, au hospitali ya Bombo, Tanga, na kama tamoxifen inaweza kutolewa ya miezi mitatu kwa mara moja, na ya kuendelea ikaandikwa kwenye hospitali ya wilaya. Usipokuwa na fedha, kabla hujarudi nyumbani kimya muulize afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Kupima nani apewe msamaha wa malipo ni kazi yake.

Majibu ya maabara ya kinyama kilichokatwa, yale yanayosema kama saratani yako ilichochewa na homoni, ni karatasi ya thamani kuliko hati ya kiwanja. Yapigie picha kwa simu, tengeneza nakala mbili, ya asili itie kwenye mfuko wa plastiki mbali na dari la jikoni lenye moshi.

Kati ya kliniki na kliniki, yapo mambo ambayo hayangoji tarehe ya kadi: kivimbe kipya kwenye kovu, kwapani au titi la pili, maumivu ya mfupa mmoja yasiyopungua kwa wiki mbili, kikohozi au pumzi fupi isiyo na mafua, macho kuwa ya njano, kichwa kinachouma na kutapika asubuhi. Na miguu ikianza kulegea au kufa ganzi yote kwa pamoja, au mkojo ukakataa kutoka, usilale nyumbani hata usiku huo. Tafuta gari.